Nimekumeza, Bibi

Jumamosi asubuhi siwezi kukaa. Ukumbi wetu uko Woolwich, nyuma ya kanisa. Una viti vya plastiki na hita moja inayogonga kama mtu aliyefungiwa ndani. Nafika kabla ya watoto, napanga viti mstari, naona vinafanana na vya mkutano. Navipanga duara, naona duara lote linanitazama mimi. Navirudisha mstari. Watoto wakiingia wananikuta nimesimama katikati, kiti mkononi.

Sikusomea ualimu. Nilimaliza darasa la saba Muheza, nikakaa nyumbani nikisaidia kuuza machungwa, mpaka baba, aliyekuwa mpishi huku London, akanivuta. Baadaye baba akahamia mji mwingine kwa ajili ya kazi, mimi nikabaki Kilburn kwa shangazi. Siku za kazi nasafisha ofisi alfajiri. Jumamosi navuka jiji zima kwa treni na basi, kwenda kuwafundisha Kiswahili watoto waliozaliwa hapa.

Kazi hiyo alinipa shangazi. Yeye analea wazee, na ndiye aliyelianzisha darasa pamoja na akina mama wenzake. Mwalimu wa kwanza alikuwa dada mmoja Mkenya, mwanafunzi wa chuo kikuu, mwenye sauti ya mtangazaji wa redio. Alipomaliza masomo akaondoka. Jioni ile shangazi akaniangalia ninavyokula wali, akasema:

"Utafundisha wewe."

"Mimi, shangazi? Mimi hata kuomba chumvi naona haya."

"Humu ndani mwenye Kiswahili kibichi ni wewe. Changu kimeshachacha. Jana nimejisikia nasema nimepaki pochi yangu mezani."

Watoto wangu wanaelewa kila kitu. Nikisema fungua dirisha, linafunguliwa. Nikiuliza nani ana kiu, mikono inapanda. Lakini majibu yote yanakuja kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mbio, na mimi nusu yake inanipita. Nauliza kwa lugha wasiyoisema, wananijibu kwa lugha nisiyoishika vizuri, na darasa linakwenda hivyo hivyo. Kuna saa nilikuwa natoka nje, nauzunguka ukumbi mara moja, kisha narudi ndani kana kwamba nilikuwa nimefuata chaki.

Ukumbi unafunguliwa na mzee mmoja Mwingereza anayeshika funguo. Siku moja alinikuta nahamisha viti, akaniletea chai, akaanza kunisimulia polepole ili nimfuate. Ujanani alikwenda Japani kufundisha Kiingereza, katika kijiji cha mashamba ya mpunga milimani. Alikuwa mgeni peke yake kijiji kizima. Walimu wa pale walimsimamisha ubaoni, anatamka neno, watoto wanaitikia, basi, kama redio. Akiwauliza swali, kimya. Walijua kuandika kumshinda yeye, lakini midomo ilikuwa imefungwa. Jioni alikuwa akitembea kwenye kingo za mashamba mpaka mbwa wote wakamzoea.

"Kwa nini ulikuwa unatembea?" nilimuuliza.

"Nikikaa chumbani nilikuwa najisikia jinsi nilivyo kimya."

Katika Kiingereza chote nilichowahi kuambiwa, hicho ndicho nilichokielewa moja kwa moja. Nikamuuliza alifanya nini mpaka watoto wakasema. Akajibu alicheza nao bingo.

"Ilisaidia?"

Akafikiri. "Hapana. Lakini ilichangamsha."

Nilikuwa nataka hasa mtoto mmoja aseme. Alikuwa binti wa miaka kumi hivi, aliyekaa kila mara karibu na hita, mikono ndani ya mikono ya sweta. Mama yake anasuka nywele kwenye saluni pale pale Woolwich. Bibi yake, mama wa mama yake, yuko Korogwe, na ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Hospitali wamemwahidi kumpasua lakini zamu yake bado. Kwa hiyo mjukuu akipigiwa simu ya picha, akatabasamu, akapunga mkono, bibi haoni kitu. Anachokipata ni kimya.

Mama yake alinishika mlangoni mwanzoni mwa mwaka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Sikia. Likizo ya kiangazi nataka nimpeleke huyu kwa bibi yake akae mpaka shule zifunguliwe. Mimi namfikisha tu, nageuza, saluni haiachiki. Sasa atakaa vipi na bibi asiyeona, na yeye hasemi? Akiumwa tumbo atafanyaje, atampungia mkono?"

"Anaelewa lakini, mama. Anaelewa sana."

"Kuelewa kwake bibi atakuonaje? Juzi ameniuliza, huyo mtoto ni bubu mnanificha? Ikifika mwezi wa tano hajafungua mdomo, tiketi sikati. Simpeleki mtoto wangu akakae kama mzigo stoo."

Binti alikuwa amesimama nyuma yake, anasikia yote. Mama alipogeuka kuchukua mkoba, aliniuliza kwa Kiingereza, chini chini, kama ni kweli mbuzi wa Korogwe wanalala ndani. Hapo nikajua anataka kwenda.

Nilijaribu bingo ya yule mzee. Watoto walipiga kelele mpaka vioo vikatikisika. Binti alishinda kuliko wote, na kila akishinda alikuwa ananyanyua kadi yake juu bila kusema neno.

Miezi ikaenda. Nilianza kuamka Jumamosi kabla ya saa yangu, nikaondoka Kilburn mapema mno, nikashuka vituo vya mbali na kutembea, kwa sababu nikikaa kwenye basi miguu inanicheza. Asubuhi moja njia ilikuwa imefungwa, mabasi yamebadilishwa. Nikamuuliza dereva kama basi lake linafika Woolwich. Nikalitamka jina kama lilivyoandikwa, herufi kwa herufi. Akauliza, wapi? Nikarudia. Wapi? Watu nyuma yangu wakaanza kushusha pumzi. Nikashuka, nikaenda kwa miguu, nikafika nimelowa jasho na mvua.

Siku hiyo darasa lilipokwisha mama wa binti alichelewa. Tulimsubiri nje, yeye ameegemea ukuta, mimi nakwenda na kurudi.

"Kwa nini hutulii?" aliniuliza kwa Kiingereza.

Nikamwambia habari za dereva. Sijui kwa nini nilimwambia mtoto jambo hilo wakati shangazi sikumwambia. Alisikiliza, kisha akasema, "Wulich."

"Wuluwichi," nikasema.

"Hapana. Wulich."

Akanirudisha na kunirudisha, kidole kimoja hewani kama mimi ninavyofanya ubaoni. Nilikosea kila namna ya kukosea. Hakucheka hata mara moja, wala midomo haikumcheza. Nikamwambia, "Wewe hujanicheka."

Akasema yeye hamcheki mtu kwa ajili ya neno. Kisha, bado kwa Kiingereza, akiangalia viatu vyake, akanieleza.

Alikuwa mdogo, hajaanza shule. Korogwe kulikuwa na harusi, nyumba imejaa, simu imewekwa sauti ya juu ili wote wasikie. Mama yake akamnong'oneza, mwambie bibi umemkumbuka. Neno hilo likawa refu. Lakini alikuwa amemsikia mama mwenyewe akiongea na rafiki zake kwenye simu, nimekumiss, nimekumiss sana. Akashika hilo. Akavuta pumzi, akasema kwa nguvu zake zote: "Bibi, nimekumeza!"

Nyumba nzima ya harusi ilianguka kwa kicheko. Mjomba mmoja alitoka kwenye kiti mpaka chini. Tangu siku ile, kila simu ikipigwa, lazima mmoja aulize: Chatu wetu hajambo? Chatu leo kala nani? Mwambieni bibi akunje miguu, chatu anasikiliza.

"Wanafikiri sielewi," alisema. "Naelewa."

Kicheko kilikuwa kimenifika kooni. Niliinama nikafunga kamba za kiatu, cha kulia, kisha cha kushoto, mpaka kicheko kikashuka.

Mama yake alipokuja nilimwomba tuzungumze pembeni. Sijazoea kumweleza mtu mzima mambo ya mtoto wake, na nilikuwa nasema huku natazama kituo cha basi. Alipoelewa alishangaa.

"Lakini ule si utani tu? Bibi na mjukuu si watani?"

"Ni utani, mama. Lakini mtani hujibu. Huyu anataniwa tu, la kujibu hana."

Akamtazama binti yake aliyekuwa kule ukutani, anang'oa rangi iliyobabuka kwa ukucha.

"Miaka yote hiyo," akasema. "Na mimi nilikuwa wa kwanza kucheka." Kisha akasema atampigia bibi na kumkataza. Asicheke. Hata kama mtoto atasema nini, asicheke, na wajomba watoke chumbani.

Jumamosi iliyofuata, watoto wengine walipoondoka, simu iliwekwa juu ya meza ya ukumbi. Tulikuwa watatu. Mama alikaa. Binti alisimama, tumbo limegusa meza. Mimi nilikwenda dirishani, nikarudi, nikaenda mlangoni. Mwezi wa tano ulikuwa umeshaanza.

"Haloo," ikasema sauti ya bibi.

Binti akanitazama. Nikatazama hita.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

Kikafuata kimya. Tulisikia kuku wa huko, na mtu akifagia uwanja. Binti akajaribu tena.

"Mimi nimekula chai."

Kimya. Mama yake alifumba macho. Nilijua bibi yupo, nilijua anachokizuia, lakini mtoto hakujua. Aliinamia simu. Akaigonga kwa kidole. Uso wake ulianza kubadilika, nami nikafikiri imekwisha, sasa atanyamaza mpaka uzee wake.

"Bibi?" akasema. "Bibi, umekufa?"

Mama akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Kule Korogwe ufagio ulisimama.

"Sijafa, mke mwenzangu," bibi akajibu, taratibu, sauti inatetemeka kwa kujikaza. "Nimekatazwa kucheka. Na mimi nikifunga kucheka, na kusema nako kunafungika."

"Uko wapi?"

"Niko wapi tena? Si ulinimeza? Niko humu tumboni mwako, mwaka wa ngapi huu. Mna giza, sioni mbele wala nyuma. Njoo unitoe."

Binti alijishika tumbo. Nilimwona anafikiri, si kwamba anaamini, anatafuta neno. Hita iligonga mara kadhaa. Mama alitaka kumsaidia, nikatikisa kichwa, na hilo sikuwahi kumfanyia mtu aliyenizidi umri.

"Nakuja," akasema binti. "Subiri hapo. Usitoke."

Bibi alishindwa. Alicheka mpaka akakohoa, na binti akatugeukia, akatutazama mmoja mmoja, kisha naye akacheka, kwanza kwa pua, baadaye kwa mwili wote. Mimi nikatoka nje. Niliuzunguka ukumbi, nikamkuta mzee wa funguo anamwagilia maua yake, akaniuliza kuna nini. Nikamwambia kwa Kiingereza changu kwamba mtoto amemuuliza bibi yake kama amekufa. Akasema, pole sana. Sikuweza kumweleza, nikamsaidia kubeba ndoo.

Tiketi ilikatwa. Darasa la mwisho kabla ya safari binti alikuja mapema, akanikuta na viti vyangu. Akasema ana swali moja. Bibi hana neno, lakini wajomba? Wakimwita chatu afanyeje?

Nikaandika ubaoni: nimekumeza. Nikamwambia hili limeshapita, tayari umemla. Sasa tulisogeze mbele. Nikafuta me, nikaweka ta. Nitakumeza. Akalisoma kimoyomoyo. Akauliza, na wakiwa wengi? Nikafuta ku, nikaweka wa.

"Nitawameza," akasema. Aliligeuza mdomoni kama pipi. "Nitawameza. Nyote?"

"Nyote."

"Na wakinijibu?"

"Watakujibu. Na wewe unawajibu."

Akaliandika kwenye mkono wake, ndani ya sweta, mahali mama asipopaona.

Jumamosi ambayo binti alikuwa ameshaondoka, njia ilifungwa tena. Nilisimama mbele ya dereva, nikasema Wulich, akaitikia kwa kichwa bila hata kunitazama. Viti vya basi vilikuwa vitupu, nikasimama njia nzima.

Mama yake, aliyekuwa amesharudi, alipita ukumbini kabla ya kufungua saluni, akanisikilizisha sauti waliyomtumia kutoka Korogwe. Inaanza na kelele za watu na mwanamume anayesema, "Jamani, chatu amefika, fungieni kuku." Kisha sauti ninayoijua, nyembamba, yenye Woolwich ndani yake: "Nitawameza nyote. Anko, wewe kwanza." Halafu vicheko, na bibi katikati yake anasema, mwacheni mke mwenzangu ale.

Mama aliirudia mara nyingi. Alipokwenda nilibaki na viti. Hita ilikuwa imezimwa, na kiti cha karibu yake hakikuwa na mtu leo. Nikavipanga duara, nikaviacha hivyo mpaka niliposikia watoto wanakuja, kisha nikavirudisha mstari.