Mbuzi wa Harusi na Mashine ya Dramu

Mimi nilikuwa napiga dramu. Nasema hili mapema kwa sababu watu wakisikia kwamba ile bendi yetu ya roki ilikuwa na msichana mmoja, swali lao ni lile lile: "Kumbe wewe ndiye ulikuwa unaimba?" Hapana. Nikiimba mimi, hata kuku wa jirani wanahama. Nilikuwa napiga dramu, na nilikuwa napiga vizuri. Kama kuna mtu wa Arusha wa miaka ile anabisha, aje tubishane, mimi nipo.

Tulikuwa wanne. Gitaa la solo alipiga Singasinga, kijana wa Themi ambaye baba yake alikuwa na gereji ya malori. Huko ndiko tulikofanyia mazoezi kila Jumapili, katikati ya injini zilizofunguliwa. Besi alipiga Mmeru, mtoto wa mkulima wa kahawa kutoka huko juu mlimani, mpole, mtu wa kuitikia kwa kichwa. Mwimbaji alikuwa kijana wa Daraja Mbili kama mimi, nyumba kwa nyumba. Tulichapwa na walimu wale wale na tulikula kwa mama zetu wote wawili. Nilimhesabu kama ndugu.

Kwetu sisi mwanamke kupiga ngoma halikuwa jambo la ajabu. Bibi yangu mzaa baba alitoka Kondoa, na kwenye harusi za Waislamu wa mtaani kwetu, upande wa kina mama, yeye ndiye aliyeshika ngoma kubwa. Nilikaa magotini pake kabla sijajua kusema vizuri. Akianza kupiga, mama wazima wenye wajukuu walitupa kanga begani na kuinuka. Halafu akafariki, na tulipotoka makaburini nikagundua kwamba hakuna mtu aliyewahi kumrekodi, hata mara moja, hata kwenye karedio kabovu. Mkono ule wote ulikwenda. Nililia kwa hasira kuliko kwa huzuni. Tangu siku hiyo nilitaka kitu kimoja tu: mkono wangu mimi uingie kwenye kanda, ubaki.

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara zilipoachiwa huru. Maduka yaliyokuwa matupu yalijaa, mitumba ikamwagwa barabarani, na jaketi la ngozi kama la wanamuziki wa Ulaya ulilipata limetandikwa kwenye turubai. Wakati huo huo viwanda vilikuwa vinafungwa, na viwanda vingi vilikuwa na bendi zao. Kimoja kilipouza mali zake, baba wa Singasinga alinunua vyuma chakavu, na ndani ya vyuma mlikuwa na dramu. Dramu kubwa ilikuwa bado ina jina la kiwanda, tukalipaka rangi nyeusi. Mzee yule alikuwa akilalamika kila Jumapili kwamba tunampasua kichwa, lakini hakuwahi kutufungia geti.

Tulianza kupiga kwenye kambi ya watalii nje ya mji, wale wanaozunguka Afrika kwa malori. Wao walituelewa. Walirusha nywele, wakaruka, wakatununulia soda. Wenyeji walisimama nyuma wamekunja mikono. "Sasa huu mtu anauchezaje?" aliniuliza mpishi wa pale. "Mbona kama mnagombana na vyombo?" Nilimkata jicho, ila moyoni nilijua hajakosea. Watalii walikuwa wanaondoka asubuhi, na hawa waliobaki hakuna hata mmoja ambaye angenunua kanda yetu.

Kisha dada wa mapokezi pale kambini akapata mchumba. Bwana alikuwa Mmeru kama mpiga besi wetu, ukumbi ulikuwa upande wa Usa River, na dada akawaambia wazee kwamba bila sisi hiyo harusi wataifunga wenyewe. Wazee walinung'unika, wakakubali. Tukaenda na vyombo vyetu juu ya lori la gereji, mimi nimevaa jaketi la ngozi juu ya gauni refu alilonishonea baba, maana nilimwahidi nitajisitiri.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka ndafu. Asiyejua ndafu, ni mbuzi mzima wa kuchoma, amesimamishwa kwenye sinia kana kwamba yuko hai, na majani mabichi mdomoni. Kama ilivyo desturi, alichinjwa na Muislamu ili ukumbi mzima ule. Haletwi kimya kimya. Vijana wenye nguvu wanambeba kwa kucheza, hatua mbele, hatua nyuma, kina mama wanapiga vigelegele, na muziki ndio unaowaongoza. Muziki ukinyamaza maana yake mmefika, tueni. Hilo kila mtu alilijua. Mmeru wetu alilijua tangu utotoni.

Nasi tukawapigia wimbo wetu tuliojivunia kuliko zote, ule wenye mahali ambapo bendi nzima inanyamaza ghafla, halafu tunarudi kwa kishindo. Kule kambini, pale pa kunyamaza ndipo wazungu walipokuwa wanapagawa. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria.

Tukanyamaza. Wale vijana, watu wa heshima zao, wakamtua mbuzi. Katikati ya ukumbi, sakafuni, miguuni pa wajomba wa bwana harusi.

Jamani! Ukumbi ulikuwa kimya mpaka nikamsikia mtoto mmoja akiuliza kama mbuzi amechoka. Mjomba mmoja akasimama, fimbo mkononi, akaanza kuuliza kwa Kimeru, na sikuhitaji mkalimani. Bibi harusi alijifunika uso kwa shela. Nilimtazama mwimbaji, akawa anatazama viatu vyake. Singasinga alijifanya anakaza uzi wa gitaa. Nikaona tunatimuliwa pale, na habari itafika Arusha kabla yetu.

Sikufikiri. Mkono uliondoka wenyewe, ukapiga ile ngoma ya Bibi ya kuwainua kina mama, kwenye dramu ya chini, polepole, kwa uzito. Mama mmoja mnene mbele yangu akageuka, akanitazama, akatupa kigelegele kirefu. Wa pili akadaka. Mmeru akaingia na besi, akiufuata mguu wangu. Wale vijana wakachuchumaa, wakamnyanyua mbuzi, na kila nilipoongeza mwendo walisogea, nilipopunguza walirudi, na ukumbi wote ukasimama. Singasinga akawasha ule mngurumo wa gitaa lake juu ya ngoma ya Kondoa, na hakuna aliyesema tunagombana na vyombo. Niliwachezesha ndafu yule kwa raha zangu, mpaka mjomba mwenye fimbo naye akaja kati. Nilipomfikisha mezani ndipo nilipokata. Walipiga kelele turudie. Nilijiona, sikatai. Ungekuwa wewe usingejiona?

Pale harusini kulikuwa na msambazaji wa kanda kutoka Dar es Salaam, rafiki wa bwana harusi. Alitufuata tukiwa tunapakia vyombo. "Ile ya mbuzi," alisema, "mnaweza kunipa nyingine kama ile, za kujaza kanda?" Nikamjibu mimi kabla ya wenzangu: "Hata mbili tutajaza."

Alikuja gereji Jumapili iliyofuata, na mkataba kwenye bahasha na kasha dogo chini ya kwapa. Ndani ya kasha mlikuwa na mashine ya dramu. Aliiweka juu ya boneti ya lori, akabonyeza, ikaanza kugonga: tii-ta, tii-ta, bila kuchoka. Akaeleza kwa upole tu, bila dharau, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Dramu za kweli zinamsumbua fundi mitambo, zinataka chumba kikubwa, zinakula siku nzima. Siku hizi Dar kila mtu anatumia mashine. "Dada ana kipaji," alisema, "ila mkataba ni wa watatu."

"Wimbo uliokuleta hapa," nikamwambia, "unajua ni wa nani?"

"Najua. Mashine tutaifundisha."

Nikawageukia wenzangu. Nilikuwa na uhakika. Nilisimama pale na vijiti vyangu nikisubiri watu watatu wacheke, wamwambie mgeni yule samahani, umepotea njia. Hakuna aliyecheka. Mwimbaji, yule wa nyumba kwa nyumba, alikuja karibu akaninong'oneza, "Tuingie sisi kwanza. Tukishakaa vizuri tutakuvuta." Halafu akachukua kalamu. Aliinama juu ya boneti akasaini, na mashine ilikuwa bado inagonga pembeni yake.

Nimeshafiwa, nimeshaumwa, lakini kwa ghafla vile sijawahi kuumia. Machozi yalinijaa, nikayakataa. Nikasema moyoni, kama ni kuondoka nitaondoka, lakini dramu zangu nazifungua mwenyewe, skrubu moja moja, mbele ya macho yao. Nikachukua spana mezani nikaanza.

Msambazaji akamwambia Mmeru ajaribu wimbo na mashine wakati mimi nafungua. Mmeru akavaa besi. Akapiga kidogo, akaacha. Akasogea karibu na boneti, akapiga tena, akaacha. Niliacha spana nimtazame.

"Nini?" akauliza msambazaji.

"Mimi huwa nafuata mguu wake," alisema Mmeru. "Hii haina mguu."

"Utazoea, kijana."

"Ndafu inakwenda mbele na kurudi nyuma. Hii inakwenda mbele tu." Akavua besi, akailaza juu ya tairi taratibu. Kwa siku zote nilizomfahamu hakuwahi kusema maneno mengi kiasi kile, na nilidhani ameyamaliza. Kumbe bado. "Yeye asaini kwanza. Asiposaini, mimi nina kahawa ya kupalilia."

Singasinga naye akanyoosha mkono akaizima mashine. Alirudisha tu kasha kwa mwenyewe kwa mikono miwili, kama mtu anayemrudishia mgeni kofia yake. Mwimbaji alibaki amesimama na kalamu, saini yake peke yake kwenye karatasi. Sikumwonea huruma hata kidogo.

Msambazaji alitutazama mmoja mmoja. Alikuwa mfanyabiashara, na kilichomleta Arusha alikuwa amekisikia kwa masikio yake mwenyewe. Akaguna, akaikunja ile karatasi, akatoa nyingine kwenye bahasha. "Nyie watu wa huku," alisema, "mna vichwa vigumu." Akanisogezea mimi.

Nilifuta mkono wenye grisi kwenye gauni, Mungu na baba wanisamehe, nikasaini kwa herufi kubwa kuliko nafasi iliyoachwa. Wenzangu wakajibana chini yangu. Mwimbaji alisaini wa mwisho na hakuniangalia. Kumsamehe nilimsamehe, baada ya muda, maana sauti yake ilikuwa nzuri nami nilikuwa na haraka ya kurekodi. Kusahau ni jambo lingine, na hajawahi kuniomba nisahau.

Tulirekodi Dar, kwenye chumba chenye joto la kuoka mkate, magodoro yamesimamishwa ukutani ili dramu zangu zisimsumbue huyo fundi wao. Zilimsumbua. Zilikula siku nzima, kama tulivyoambiwa. Jioni fundi alikuwa amechoka, akatuuliza kupitia kioo, wimbo wa ndafu unaanza na nani, gitaa au sauti?

"Unaanza na mimi," nikasema.

Ukiipata kanda ile, iweke. Kabla ya gitaa, kabla mwimbaji hajavuta pumzi, utasikia mtu anagonga vijiti kuwaita wenzake, nao wanakuja. Ni mimi huyo.