Hakimu wa Kasulu Anayezisoma Hukumu Zake Mwenyewe

Saa tatu asubuhi, na ukungu wa Kasulu bado umeng'ang'ania madirisha ya mahakama. Kizimbani amesimama Esteria, bibi aliyeshitakiwa kwa kupika pombe bila kibali. Akisha kusomewa shitaka anapiga makofi polepole na kuinama.

"Nimekosa, Bwana Shauri."

Karani ameshainua kalamu aandike kwamba mshitakiwa amekiri. Hakimu Venanti anamzuia.

"Mama, umekosa nini?"

"Sijui, baba. Nimesikia mnasema nimekosa."

Watu wanaangua kicheko. Hakimu hacheki. Anaandika kwamba mshitakiwa amekana, kesi isikilizwe.

Venanti, mwenye umri wa miaka thelathini na sita, ni Muha wa Titye. Asubuhi anahukumu. Mchana anafanya utafiti wa shahada ya uzamili ya sheria, upande wa haki za jinai na elimu ya uhalifu. Utafiti wenyewe ni majalada ya zamani, na mengi yana sahihi yake.

"Kitabu cha kwanza nilichopewa Chuo Kikuu kiliuliza mhalifu anatoka wapi," anasema. "Nikaandika pembeni: huyu wa kwangu nilimtengeneza mimi."

Anamzungumzia Niyitegeka, mkulima wa Mabamba. Mwaka 1973, miaka kumi na miwili iliyopita, Venanti akiwa hakimu mpya Kibondo, Niyitegeka aliletwa kwa shitaka la kumwiba ng'ombe wa shemeji yake, aliyekutwa zizini kwake. Alipiga makofi, akasema, "Nimekosa, mzee." Akafungwa miaka mitano. Shauri zima halikufika robo saa.

Kwa Waha, anayesimama mbele ya mkubwa haanzi kwa kubisha. Hujishusha kwanza, aseme amekosa, kisha hupewa nafasi ya kujieleza. Niyitegeka alikuwa akiingoja nafasi hiyo. Angeipata, angesema kwamba ng'ombe yule alipewa amtunze.

"Angekuwa hakimu wa kutoka mbali ningemsamehe," Venanti anasema kwa uchungu. "Mimi desturi hiyo nimeinyonya kwa mama yangu. Ila nilikuwa na shahada mpya, nikaona aibu kuuliza swali la kijijini."

Katika majalada 212 aliyokwisha kuyapitia, 61 yana ungamo la neno moja tu, "nimekosa". Watu sitini na mmoja walifungwa kwa adabu yao! Mwandishi huyu alitamani kusikia kwamba kuna mkubwa aliyeshituka. Kumbe kilichowashitua wakubwa ni utafiti wenyewe. Mkuu wake wa kazi amemwandikia: ayaondoe majalada ya mahakama zake mwenyewe kufikia Ijumaa, ama ruhusa ya masomo ifutwe na kazi yake itazamwe upya.

"Aliniambia, 'Ndugu Venanti, maji yakimwagika hayazoleki.' Nikamjibu, waliolowa bado wapo."

Mwezi uliopita alikwenda Mabamba kuomba idhini ya kuitaja kesi ile. Niyitegeka anaishi kwenye banda la kaka yake. Wakati watu wanahamishiwa vijiji vya ujamaa na kugawiwa viwanja, yeye alikuwa gerezani. Mkewe, Adija, alikwisha kuolewa kwingine.

"Nilimwambia nimekuja kumwomba msamaha. Akapiga makofi, akaniambia, 'Andika tu, mzee. Mimi ndiye niliyekosa.'"

Venanti anachomoa karatasi kutoka kwenye jalada.

Jibu la barua ya mkuu wake ameshaliandika, na ananisomea. Majalada yote sitini na moja yanabaki. Majina ya wafungwa ameyaficha. Jina la hakimu, lake mwenyewe, ameliandika kwa kirefu, pamoja na la baba yake.

"Wakinifukuza, nitalima maharage Titye. Wakiniacha nimalize, nitaomba Mahakama Kuu iyafungue upya yote, moja baada ya jingine. Nitaanza na la Niyitegeka, ingawa kifungo chake ameshakimaliza. Nataka siku hiyo asimame pale mbele, akisema amekosa, hakimu amwambie: hapana, mzee, ni sisi."