Pepo Aliyetaka Betri

Juzi nilikuwa kwa fundi wa redio, Malindi, alipoingia mama mmoja wa makamo, buibui safi, akaweka mezani redio kuukuu iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli.

"Shangazi," fundi akasema, "hii hata mwizi angeirudisha na kuomba radhi."

"Itengeze, mwanangu. Humu ndimo nilimoyajulia magitaa ya wazimu."

Akatusimulia. Alipokuwa kigori, nyumba ikishalala, alijifunika shuka na redio hiyo, akitafuta stesheni ya mbali iliyopiga roki, muziki ambao harusini kwetu ungevunja ndoa. Usiku mmoja mamake akaona shuka inatikisa kichwa. Akapiga yowe: mwanangu kapandwa na pepo! Mganga akaletwa, ubani ukafukizwa, pepo akaulizwa kama ilivyo ada: "Wataka nini umwache mtoto?"

Binti alijua akisema kweli, redio itaishia chooni. Akakoroma: "Betri. Nne. Kubwa."

Zikanunuliwa asubuhi, na za akiba juu.

Fundi alicheka hadi koleo likamponyoka. Akaunga waya, akawasha. Ikatoka mikwaruzo mitupu.

"Samahani, shangazi, haishiki kitu."

"Nyamaza! Ndivyo muziki wenyewe ulivyokuwa!" Na buibui zima likaanza kutikisa kichwa.

Nami, mzee mzima niliyelelewa na mikwaruzo hiyo hiyo chini ya shuka kule Kakuyuni, shingo ikaanza yenyewe. Fundi akarudi nyuma hatua mbili.

"Na wewe, baba, wataka nini?"

"Betri," nikakoroma.