Fundi Viti Aliyeonea Wivu Ugonjwa wa Jirani

Ninayoandika hapa hamtayaamini, lakini someni hivyo hivyo. Shemeji yangu, fundi wa kushona makochi, yu hai leo kwa sababu ya wivu.

Alipatikana na saratani, ikabidi tumbo la chakula litolewe lote, utumbo ushonwe juu kwenye koo la chakula. Kabla ya upasuaji daktari alimuuliza maswali na kuingiza majibu kwenye kompyuta, ajue kama mshono wa ndani una hatari ya kuvuja.

"Unavuta sigara?"

Dada yangu, mkewe, kakaa pale pale kamkodolea macho.

"Sigara? Mimi? Hata moshi wa mkaa unanikohoza!"

Kompyuta ikasema hatari yake ndogo.

Kwenye kitanda cha jirani alilazwa dereva mstaafu, naye katolewa tumbo siku ile ile, ila yeye alipewa hatari kubwa. Basi manesi hawambanduki: mapigo, joto, "babu, unajisikiaje?" Shemeji anapimwa asubuhi na jioni, basi. Akanuna kama mke mwenza.

"Yule kawapa nini?" akaninong'oneza. "Hata dada yako anampangia mito!"

"Ana hatari kukushinda."

"Si tumekatwa sawa? Kanishinda nini?"

"Sigara," nikamchokoza. "Mwenzio kakiri."

Daktari alipoingia akaenda moja kwa moja kwa dereva. Shemeji uvumilivu ukamwisha.

"Daktari! Hata mimi navuta! Pakiti nzima, nyuma ya karakana! Huyo hanifikii!"

Dada akauliza taratibu, "Nyuma ya karakana ipi, baba watoto?"

Daktari hakucheka. Alibadilisha jibu kwenye kompyuta, hatari ikapanda, akaagiza naye apimwe kila mara. Mchana ule ule nesi akakuta mapigo yanakimbia na joto liko juu. Wakampiga picha: mshono umeanza kuvuja, padogo tu. Wakauwahi kwa mrija wa kutoa majimaji yaliyovuja. Daktari alisema wangengoja kipimo cha jioni, sumu ingekwisha kusambaa mwilini.

Sasa karudi karakanani, anakula kidogo kidogo, na dada anamnusa mashati. Mimi naandika nimekalia kochi la mteja. Na ukweli usemwe: aliyegundua wa kwanza ni mimi. Nilimbeba mgongoni, nikapanda naye ngazi zote hadi chumba cha picha, manesi wananikimbilia nyuma wakinisihi angalau nipumzi—

"We shemeji, nakusoma hapa begani! Ulinibeba lini? Si ulizimia ulipouona mrija, wakakulaza kitandani kwangu?"