Bahasha Iliyokaliwa Dar es Salaam

Safari iliamuliwa Alhamisi jioni, katika muda wa kula mahamri mawili. Rafiki yangu wa Likoni, anayeuza vioo vya simu, alisema hajawahi kuiona Dar es Salaam. Rafiki yangu wa Chaani, karani wa ghala, akasema ana mama mdogo Kariakoo na kesho ana ruhusa. Wakanitazama. Mimi nilikuwa na mahojiano ya kazi Jumatatu asubuhi, huko Changamwe, ya kwanza tangu nihitimu shahada ya mipango miji miaka miwili nyuma. Nikasema haiwezekani kabisa. Ijumaa alfajiri nilikuwa ndani ya basi, nimekumbatia bahasha.

Ndani yake mlikuwa na vyeti vyangu vyote, vile halisi. Kuviacha nyumbani Junda nisingeweza: nyumba ingeweza kuungua, au kuvuja, au vyote viwili, moto ukizimwa na mvua. Tena afisa wa mpaka angeweza kutaka ushahidi kwamba nina sababu ya kurudi kwetu, nami ningemwonyesha shahada. Afisa aligonga muhuri bila kunitazama usoni, jambo lililonitia wasiwasi mpaka Tanga.

Yule mama mdogo alikuwa amepanga vyumba viwili katika nyumba ya zamani, ambayo wapangaji wake wote walitumia uani mmoja. Jumamosi asubuhi nilitoka kwenda kuoga, taulo begani, bahasha mkononi. Uani alikuwapo bibi mmoja mpangaji, mzito wa mwili, akikaanga vitumbua vya kuuza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unakwenda kuoga na barua?"

"Ni vyeti, bibi."

"Mtu wa wapi wewe?"

"Mombasa."

"Mombasa si kabila. Kwenu hasa."

"Mgiriama."

Akafuta mikono kwa kanga, akaichukua bahasha mkononi mwangu kama mtu anayeanua soksi kwenye kamba, akaiweka juu ya kigoda chake, akaikalia.

"Mateka," akasema, akageuza kitumbua.

Wazo langu la kwanza lilikuwa polisi. La pili lilikuwa kwamba polisi wangeniuliza bahasha iko wapi hasa, nami ningelazimika kueleza. Mama mdogo alitoka chumbani akicheka, marafiki zangu nyuma yake.

"Bibi ni Mnyamwezi, na watu wa pwani ni watani wao tangu enzi za misafara," akaniambia. "Mtani akikuchukulia kitu hukasiriki, wala hukinyakui. Unamshinda kwa maneno, anakurudishia."

"Lakini huyu ni wa Kenya," akasema rafiki yangu wa Likoni. "Utani una mpaka."

"Utani hauna pasi," bibi akamjibu. "Ulipita kabla ya huo mpaka wenu."

"Sasa nimwambie nini?" nikauliza.

"Mtukane," akasema mama mdogo, kama anayeniambia niongeze chumvi.

Kwetu, mtu akimtukana bibi wa umri ule huombewa kanisani kwa jina. Niliwageukia marafiki zangu.

"Wallahi hii ni kazi ya mtu mmoja," akasema yule wa Likoni, wakaenda zao kuuona mji.

Mimi Kariakoo niliijua kwa masikio. Nilisikia mikokoteni, honi, na mwanamume mmoja mwenye kipaza sauti aliyetangaza mashuka tangu asubuhi bila kumeza mate. Mji mkubwa namna ile ulikuwa nyuma ya ukuta, na mimi, mtaalamu wa miji, nilikuwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikiandika matusi kwenye simu.

Saa nne nilisimama. "Bibi, samahani. Kwa heshima zote, naona wewe ni mchoyo kidogo."

Akawageukia wateja wake wawili. "Amenitukana au ameniombea?"

"Amekuombea," wakasema.

Saa sita nilisema vitumbua vyake vina mafuta mengi. Akanipa kimoja nithibitishe. Nikala vitatu, hoja ikafa.

Alasiri karatasi za kufungia zilimwishia. Mkono wake ukashuka, polepole, chini yake. Ukatoka na ukurasa wenye maandishi ya wino. Akafungia vitumbua vinne, akampa mteja, na mteja akaondoka.

Nilisimama ndoo ikabingirika.

"Wapagazi nyinyi," nikasema, kwa sauti iliyompita yule wa mashuka. "Mlitoka Tabora na mizigo ya watu vichwani, mkafika pwani, mkasahau kuitua. Mpaka leo mkiona kitu cha mwenyewe lazima mkibebe. Na wewe kichwa kimechoka, sasa unabebea makalio."

Nilimwona mama yangu, kule Junda, akiinua uso kutoka kwenye sufuria bila kujua kwa nini.

Kisha bibi akacheka mpaka akashika ukuta. "Mkwezi wa minazi wewe," akasema akijifuta machozi, "kumbe ukitaka unashuka."

Ule ukurasa wa vitumbua, kumbe, ulikuwa wa daftari kuukuu la hesabu.

Bahasha alinirudishia magharibi, ameifunga kwa utepe wa kanga wenye mafundo mengi. "Usiifungue mbele yake," mama mdogo akaninong'oneza. "Utakuwa umemwita mwizi, na huo si utani tena." Kwa hiyo sikuifungua usiku, wala Jumapili asubuhi, ingawa nilihesabu mafundo mara nyingi. Niliifungua tulipovuka mpaka. Vyeti vyote vilikuwamo isipokuwa kimoja, cha tabia njema, ambacho polisi hukupa kuthibitisha huna kesi na kila mwajiri hukitaka.

Nilimpigia simu mama mdogo. Bibi akapewa.

"Kwa matusi yale," akasema, "tabia njema ulikuwa unaifanyia nini? Njoo uikomboe mwenyewe."

Jumatatu nilikuwa mbele ya watu watatu. Mama aliyeongoza, ambaye sasa ndiye mkuu wangu wa kazi, alizipekua karatasi mara mbili.

"Cheti cha tabia njema kiko wapi?"

Nilikuwa nimekesha nikitunga majibu ya heshima. Likatoka lile la kweli. "Kiko Dar es Salaam, mama, kwa bibi mmoja. Nilimtukana."

Nikaeleza kisa chote. Mmoja wa wale wawili alitazama dirishani kwa muda mrefu, mabega yakimtikisika.

"Ukilete kabla ya Ijumaa kwisha," mama akasema. "Na umwombe radhi."

"Siwezi, mama. Nikimwomba radhi hatanipa."

Jumatano nilipanda basi peke yangu, na daftari. Nilijaza kurasa sita za matusi kabla ya Tanga. Nilipofika uani, cheti kilikuwa kimetundikwa juu ya jiko, ndani ya nailoni ili kisipate mafuta.

"Shikamoo, bibi."

"Salamu haikomboi kitu hapa," akasema, akinisogezea ndoo.