Ukanda wa Sangari

Niliacha shule darasa la sita. Karo ilikuwa shida, lakini shida kubwa zaidi ilikuwa kwamba sikuweza kukaa. Nikisikia lori linapanda kilima nilitaka kujua linakwenda wapi. Miaka ya tisini ilinikuta nimeshapakia miwa Awendo, nimeshageuza dagaa wa omena juani Muhuru Bay mpaka shati likakataa kuacha harufu, na nimeshaswaga ng'ombe wa watu sokoni Ogwedhi. Huko Ogwedhi nilikutana na mzee mwenye plau na maksai wanne, aliyetafuta mtu wa kutangulia mbele na kuwaongoza kwa kamba. Hakuniuliza ninatoka wapi. Aliniuliza kama ninaweza kutembea mstari ulionyooka.

Kwake nilijifunza kwamba kati ya shamba na shamba watu wa upande ule huacha ukanda wa nyasi za sangari, upana wa hatua tatu au nne, usioguswa na plau ya mtu yeyote. Kwa Kijaluo unaitwa kiew. Hauna ukuta wala seng'enge. Mbuzi hufungwa pale, wanawake hupita pale na maji, na kila msimu majirani wawili hugeuza ng'ombe wao kabla ya kuufikia, kila mmoja upande wake. Basi.

Msimu mmoja, kule Uriri, tuliitwa na dereva wa lori la miwa aliyekuwa amerudi nyumbani kulima. Tulipofika kwenye sangari mzee alipiga mluzi nisimame. Dereva akasema tusisimame, tuendelee mpaka kwenye migomba iliyokuwa mbele. Nilimtazama mzee.

"Mwenye shamba ndiye huyo," akasema, nasi tukaendelea.

Maksai walishusha vichwa. Mnyororo ulikaza, plau ikaruka, mzee akalazimika kuilalia kwa kifua. Tulimaliza asubuhi nzima kwenye kipande ambacho kwingine tungekilima kwa saa moja. Ng'ambo ya migomba alisimama mwanamke aliyevaa koti la kiume. Alitutazama tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi nilidhani anapenda ng'ombe.

Jioni, tukila, mzee alinieleza. Yule alikuwa mjane wa kaka yake dereva. Koti lilikuwa la marehemu, na mwanamke aliye katika maombolezo hatarajiwi kutoka nyumbani kwenda kugombana na mtu. Shemeji yake alichagua msimu wake vizuri. Alikula kiew yote, na nyuma ya kiew akala hatua nyingine tatu za shamba la mjane, urefu wote wa shamba. Nilimwuliza mzee kwa nini alikubali. Akasema yeye hulima anapoonyeshwa. Siku chache baadaye niliacha kazi, ila siwezi kudai ilikuwa dhamiri. Miguu ilikuwa imeanza kuniwasha.

Nilikwenda Homa Bay, nikabeba mizigo sokoni. Migori ilikuwa imetoka tu kuwa wilaya ya peke yake, na mambo mengi ya ardhi watu bado waliyafuata Homa Bay. Saa zisizo na mzigo nilikwenda ofisi ya ardhi kusoma matangazo ubaoni. Hakuna aliyenituma. Nilipenda tu kuona watu wakitoa hati zao kwenye mifuko ya sukari, wakizikunjua taratibu, wakizikunja tena. Karatasi moja tu, na mtu anaishika kama yai.

Hapo ndipo nilipomkuta yule mjane, kwenye benchi, bila koti safari hii. Nilitaka kupita. Akasema, "Wewe ndiye uliyevuta ng'ombe."

Nikakubali, nikauliza amenitambuaje.

"Kwa miguu. Kidole chako kikubwa kimepinda. Nilikutazama asubuhi nzima."

Ilikuwa safari yake ya tatu. Kwanza alikuwa amekwenda mahakamani akapewa barua ya kusimamia mali ya mumewe, maana bila hiyo hakuna ambaye angemsikiliza. Sasa alikuwa ameomba afisa wa usajili wa ardhi aje shambani kuamua mpaka. Mimi nilikuwa nimesoma ule ubao kwa miezi bila kuelewa kitu. Yeye, ambaye hutia sahihi kwa kidole gumba, alinieleza sheria yote kwa kuchora kwenye vumbi la benchi. Hati inasema shamba ni la nani, na ramani inaonyesha limekaa wapi na limepakana na nani. Lakini ule mstari wa ramani umechorwa kwa kalamu, na unene wa kalamu ukiupeleka shambani ni hatua kadhaa. Karani alimwambia hivyo akidhani atakata tamaa.

"Hatua alizokula shemeji zimo ndani ya wino," alisema. "Huko ndani hatuwezi kupimana. Lazima waje kwenye udongo."

Nilimwambia niko tayari kuja kusema tulichofanya. Alitikisa kichwa.

"Ukija kusema, atasema nimekununulia chai. Njoo uongoze ng'ombe. Wale wale."

Siku ya kusikiliza kesi ilikuwa wakati wa kiangazi, mabua ya mahindi yakiwa yameshang'olewa. Afisa alikuja na mpimaji, naibu wa chifu akaleta wazee na majirani. Mimi na mzee wa plau tulisimama kando na maksai, na watu wakatutazama kama waliokosea njia. Mjane alikuwa amemwendea mzee mwenyewe, akamwajiri kwa bei ile ile ya kila mtu. Mzee alikubali upesi kuliko nilivyotarajia.

Dereva alizungumza vizuri. Alisema mpaka siku zote umekuwa kwenye migomba. Kisha akamgeukia mjane, kwa sauti ya upole kabisa. "Shemeji, wewe uliolewa hapa ukakuta mpaka umeshawekwa. Utaujuaje?"

"Nimelima kando yake miaka kumi na minane," mjane akajibu. "Wewe ulikuwa unaupita na lori."

Wanawake waliokaa nyuma walicheka. Mpimaji alivuta utepe, akatazama ramani, akavuta tena, kisha akamnong'oneza afisa. Hata sisi wa kando tulielewa: kwa ramani ile mpaka ungeweza kuwa kwenye migomba, na ungeweza kuwa hatua saba kuelekea kwa dereva. Dereva aliweka mikono mifukoni. Kama mambo yangeishia hapo, shamba lingebaki lilivyolimwa, na mjane angebaki na watoto wanne na kipande kisichotoa madebe ya mahindi ya kuwafikisha mavuno mengine.

Ndipo mjane akaomba ruhusa tulime kukatiza, kutoka shamba lake kwenda la shemeji, mstari mmoja tu. Afisa alisema wamekuja kupima, si kulima.

"Utepe umepima ukashindwa, bwana afisa. Waache ng'ombe nao wajaribu."

Afisa alitazama saa yake, akatazama watu, akakubali.

Nilishika kamba. Tulipita kwenye migomba, na udongo ulikuwa laini, plau ikienda kama kwenye majivu. Hatua moja, mbili, tatu. Kisha maksai walishusha vichwa. Nira ililia, plau ikaruka vile vile kama mwaka uliopita, na ikatoa mabonge yaliyofumwa kwa mizizi ya sangari. Hatua nne hivi, halafu laini tena. Mpimaji, bila kuambiwa, alichomeka kijiti mahali ugumu ulipoanza na kingine ulipoishia. Tulishuka chini kidogo, tukakatiza tena. Pale pale.

Dereva akasema hapo palikuwa na njia ya ng'ombe.

"Njia ya kwenda wapi?" mjane akamwuliza. Wote waligeuka kutazama mahali ulipoelekea ule mstari. Uliishia kwenye korongo ambalo hata mbuzi hashuki. Safari hii wazee nao walicheka.

Dereva akabadilisha maneno. Akanielekezea kidole, akasema huyu kijana ndiye anayewazuia ng'ombe, anawapunguza mwendo makusudi. Afisa alinitazama, na niliona shaka imeingia.

Mjane alinijia, akachukua kamba mkononi mwangu, akaipeleka kwa shemeji yake kwa mikono miwili, akipiga magoti kidogo kwa adabu.

"Basi waongoze wewe, shemeji. Uliwaajiri wewe mwenyewe, wanakujua."

Mtu hawezi kukataa mbele ya ukoo mzima. Alivua koti, akashika kamba, akaanza kwa kasi ili wapite pale kwa nguvu. Walikwenda vizuri hatua tatu. Halafu wakashusha vichwa. Alivuta. Aliwafokea. Alijipinda mpaka shati likachomoka kwenye suruali, na nyuma yake mabonge ya sangari yakapinduka moja baada ya jingine, meusi, yenye nywele. Hakuna aliyecheka sasa. Tulisikia mizizi ikikatika.

Afisa aliinama, akavunja bonge moja, akamwuliza mzee wangu kama aliwahi kulima mahali hapa.

"Nimelima mwaka jana," mzee akasema. "Nilionyeshwa, nikalima. Kabla ya siku hiyo hapakuwa pamelimwa."

Mpaka uliandikwa pale penye vijiti. Nilimtazama mjane nikitarajia afurahi, au angalau amtupie shemeji neno. Nafasi alikuwa nayo, na kwa alivyotendewa ningemwelewa. Alimletea maji ya kunawa. Alimwambia kiew haitapandwa kitu, sangari itarudi yenyewe kutoka kwenye mizizi, na mbuzi wake wakitaka kufungwa pale wafungwe. Dereva alinawa bila kuinua macho. Nimezunguka sana tangu siku hiyo, nimesikia mawakili wakisema maneno marefu, na sijaona tena mtu aliyeishika haki yake kwa nguvu namna ile na kwa mkono mwepesi namna ile.

Maafisa walipoondoka jua lilikuwa bado juu. Mjane alituomba, kwa kuwa ng'ombe wameshafungwa nira, tumlimie shamba lake. Alitangulia peku hadi kwenye kijiti cha kwanza, akasimama na miguu yake ukingoni mwa yale mabonge. Nilikuja na maksai kumwelekea. Nilipomfikia, niligeuza ng'ombe.