Khalayi Juu ya Mabati

Kwa miaka thelathini Khalayi alikuwa akipanda paa la nyumba yake ya Voi kwa siri, kama wengine wanavyokunywa pombe. Kwao Bungoma, mke anayekanyaga paa mumewe akiwa hai ni kama amemchimbia kaburi. Lakini mabati yakitoboka hayaulizi mtu kwao ni wapi, na Nicodemus, karani wa reli aliyestaafu, huona kizunguzungu hata akisimama kitini. Basi Khalayi hungoja mzee aende mkutano wa kanisa, akajifunga leso kichwani, akapanda na nyundo na kopo la lami. Mzee akirudi haulizi kwa nini hapavuji.

Jumamosi moja, mawingu yakiwa yameshaukalia mlima wa Sagalla, mjukuu wake Abby, aliyekuja likizo kutoka chuo, alimpiga nyanya yake picha kwa nyuma akiwa juu ya mabati.

"Kukhu, wewe ni feminist kabisa!"

"Femi-nini? Usinitukane, mimi nina mume."

"Si tusi! Ni mwanamke anayeamini hana tofauti na mwanamume."

"Tofauti ipo, mjukuu wangu. Mimi naweza kupanda."

Aliposhuka, picha ilikuwa tayari kwenye grupu ya ukoo, na maneno chini yake: Feminist wetu wa kwanza. Kaburi Khalayi hakuliogopa. Aliogopa shemeji zake wangemcheka Nicodemus, mtu wa haya, ambaye hajawahi kumpandishia sauti.

"Futa!"

"Lakini Kukhu, mbona tufiche?"

"Miaka thelathini namsitiri huyu mzee, wewe unamwanika kwa dakika moja!"

Walikuwa wamechelewa. Shemeji mkubwa, Morris, alikuwa ameshauliza: "Nani huyo juu ya nyumba ya ndugu yangu?"

Simu ikalia. Nicodemus alikuwa amejibu kutoka mkutanoni: "Ni mimi. Nimevaa leso ya mke wangu kwa sababu ya jua."

Abby akaruka. "Amekuibia kazi yako, Kukhu! Andika sasa hivi kwamba ni wewe!"

Khalayi alikuwa akisoma tena, polepole, kidole kikifuata maneno. "Kumbe anajua," alisema. "Siku zote hizi."

Simu ikalia tena. Morris: "Pole na jua, ndugu yangu. Lakini hayo makalio umeyapata lini?"

Khalayi alicheka mpaka akashika ukuta. Abby alijaribu kununa, akashindwa.

"Sasa nimjibu nini?"

"Mwambie mke wa ndugu yake hupika vizuri," alisema Khalayi, akarudi kwenye ngazi. Tundu moja lilikuwa bado, na leo hakuona sababu ya kuharakisha.